Leo boti haitoki

Vokali, yani ujumbe wa sauti, ya mdogo wangu iliingia Jumamosi jioni, tarehe 13 Januari 2024. Mi niko nyumbani Goma, umeme umeenda, nikaiweka simu sikioni na kitu cha kwanza nilichosikia haikuwa sauti yake, ilikuwa upepo, upepo mpaka simu yenyewe inakoroma, halafu yeye huko nyuma anapiga kelele akiniita yaya, yani kaka mkubwa, "Yaya, sikiliza hii bahari! Yaya, maji iko naingia mu barabara!" Anaishi Portland, jimbo la Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani karibu na Canada, mji ambao Wakongo wengi wamefikia miaka hii, wengine mtakumbuka ile 2019 mamia ya watu wetu na wa Angola walilala kwenye ukumbi wa michezo wa mji maana hapakuwa pengine pa kuwaweka. Kule ilikuwa saa sita ya mchana, kwetu saa moja ya jioni. Nilisikiliza ile vokali mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, yuko umbali gani na maji.

Baadaye nilielewa ni siku gani ile. Bahari pale Portland ilipanda mpaka kiwango kikubwa kuliko vyote walivyowahi kupima, na wanapima kwa zaidi ya miaka 100, na ilikuwa siku tatu tu baada ya dhoruba ingine kupiga hapohapo tarehe 10. Upande wa pili wa maji, South Portland, kwenye ufuo unaoitwa Willard, vibanda vya mbao vya wavuvi, vya zamani sana, vimeshasimama pale tangu mababu, vilibebwa. Nimeiona hiyo video. Kibanda hakianguki. Kinainuka, kinaelea kidogo kama mtu anayeamka usingizini, halafu wimbi linalofuata linakivunja vipande, na vipande vinarudi nchi kavu vikigonga kila kitu.

Na mdogo wangu alikuwa ametoka nyumbani kwenda kuangalia. Nilimkasirikia sana, nilimwambia maneno ambayo dada mtu mzima hapendi kuambiwa na kaka yake. Akanijibu, "Yaya, mi ni mutoto wa ziwa, maji naijua."

Hilo neno lake ndilo limenifanya niandike hii yote, kwa sababu hata mi ningesema hivyohivyo. Tumekulia kando ya ziwa Kivu, tumefua nguo pale, tumeoga pale, tumechota maji na madumu ya njano pale, tunajua harufu ya ziwa kabla ya mvua. Basi mtu anajiona anajua maji. Lakini anajua maji yake tu, na hata hayo, mi sasa nina mashaka.

Tuanze na bahari yake. Wimbi linazaliwa na upepo, hilo kila mtu anajua, na ukubwa wake unategemea vitu vitatu: upepo una nguvu kiasi gani, unapuliza muda gani, na una nafasi ya maji ndefu kiasi gani ya kusukuma bila kizuizi. Sasa bahari ya Atlantiki ina nafasi ya kilomita maelfu. Dhoruba inaweza kupiga huko mbali ambako wewe huoni hata wingu, mawimbi yanaondoka pale, yanasafiri siku nzima, siku mbili, yanajipanga, yanakuwa marefu, kati ya wimbi na wimbi zinapita sekunde kumi, kumi na tano, na mtu aliyesimama ufuoni anaona maji yametulia anasema aa, hakuna kitu. Kumbe nguvu yote iko chini. Likifika penye kina kidogo linapunguza mwendo, maji ya nyuma yanapanda juu ya maji ya mbele, linasimama, linaanguka. Wimbi la bahari mama yake yuko mbali, humwoni, kwa hiyo hujui limekasirishwa na nini.

Hapohapo Maine kuna mahali panaitwa Thunder Hole, ndani ya hifadhi ya Acadia, ni ufa kwenye mwamba, wimbi likiingia linalia kama ngurumo na watalii wanaenda kuusikiliza. Agosti 2009 kimbunga kilichopewa jina Bill kilikuwa kinapita baharini, mbali, pwani hapakuwa na dhoruba ya kutisha watu, wamejaa kwenye mwamba kuangalia mawimbi, likaja moja kubwa kuliko wenzake likawazoa. Mtoto wa kike wa miaka 7 alikufa. Nilimtumia mdogo wangu hiyo habari usiku ule ule bila kuandika neno lingine, na hakunijibu mpaka kesho yake, akasema tu, "Nimeelewa, yaya."

Kule kwenye pwani ya magharibi, Oregon na kaskazini mwa California, ndiyo mbaya zaidi wakati wa baridi, maji yanaweza kuwa mapole dakika kumi, ishirini, halafu wimbi moja linapanda ufuo mpaka mahali ambapo mchanga ulikuwa mkavu, linabeba magogo. Magogo ya miti mizima, yenye tani. Mtu anadhani gogo ni kiti, anapanda kupiga picha, maji ya kimo cha kifundo cha mguu tu yanatosha kuligeuza gogo na kumlalia. Ofisi ya hali ya hewa ya Marekani inawaambia watu kila mwaka usiipe bahari mgongo. Ni sentensi ambayo mama yangu angeweza kuisema.

Ila kilichonitisha mimi si wimbi, ni baridi ya maji. Sisi tunafikiri mtu anakufa majini kwa sababu hajui kuogelea. Mdogo wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki na kamba wale wakubwa, na kazini waliwapa mafunzo, akanieleza. Maji ya Portland mwezi wa kwanza yanakaribia digrii 4 au 5. Ukianguka humo, kitu cha kwanza mwili unafanya ni kuvuta pumzi kwa nguvu, bila wewe kutaka, kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji usingizini, na kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo basi umevuta maji. Kuna profesa mmoja wa Canada, Gordon Giesbrecht wa chuo kikuu cha Manitoba, ameingia mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi ili kupima haya mambo, akayafupisha hivi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Yani baridi yenyewe haikuui haraka kama watu wanavyofikiri. Watu wanakufa ndani ya ile dakika ya kwanza, kwa mshtuko, au ndani ya zile kumi, mikono inakataa, mtu yuko hapo anaona kamba mbele yake na vidole havifungi. Mtu mwenye gileti, lile koti la kuelea, anabaki juu. Asiye na gileti, hata kama ni bingwa wa kuogelea, mikono ikikataa ameenda.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Sababu Kivu ina joto, digrii 23, 24 juu pale, hakuna mshtuko wa namna ile, na hata hivyo watu wetu wanakwisha, tena karibu na nchi kavu.

Kuhusu baridi ya nchi kavu sitasema mengi, walioko kule wanaijua. Barafu ile isiyoonekana juu ya lami, mtu anafikiri barabara imelowa tu. Upepo unaoiba joto, digrii 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unaisikia kama 20 chini ya sifuri. Lakini kitu kimoja lazima nikiseme kwa nguvu maana ni chetu: makala, yani makaa ya kupikia. Dhoruba ikikata umeme na nyumba ikaanza kupoa, mtu aliyekulia Goma anawaza mbabula, lile jiko la makaa, anawaza tuwashe makala ndani, kidogo tu, watoto wapate joto. Usifanye. Nakuomba. Nyumba zao zimezibwa kila tundu, hazina pengo la mabati kama zetu, na ile hewa ya makala, monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, inakulaza. Februari 2021 Texas ilipigwa na baridi ambayo haijazoea, umeme ukaenda siku kadhaa, walikufa watu zaidi ya 200 kwa hesabu ya serikali yao, na kati yao kuna waliouawa na jenereta na makala na magari waliyoyawasha ndani ya garaji. Sisi tunajua mazuku jamani. Toka tukiwa wadogo tunaambiwa usishuke kwenye lile shimo, mbuzi alilala pale hakuamka. Ni gesi ingine, ile ya mazuku ni dioksidi ya kaboni inatoka ardhini kwenye volkano, lakini tabia ni ileile, huioni, huisikii. Basi mtu wa Goma akiwa Maine aichukulie nyumba iliyofungwa yenye moto wa makala kama mazuku, asiingie.

Sasa nirudi kwetu.

Kivu ina urefu wa kilomita 90 hivi toka Goma mpaka Bukavu, kisiwa cha Idjwi kimelala katikati, kina kinafika karibu mita 480, na lote liko juu, mita 1,460 toka usawa wa bahari, limezungukwa na milima. Hakuna wimbi la kusafiri siku mbili hapa. Wimbi la Kivu mama yake yuko hapohapo, na ndiyo maana linakuja haraka. Mzee mmoja jirani yetu aliyeendesha boti miaka mingi aliniambia, "Wewe unaangalia maji, mi naangalia mulima." Wingu likiwa jeusi juu ya milima ya Masisi au Kalehe, kabla mvua haijafika, hewa baridi inayoanguka toka ndani ya wingu inatangulia mbele, inakimbia juu ya maji, na ziwa lililokuwa kioo linageuka ndani ya dakika chache. Mawimbi yake si marefu kama ya bahari, ni mafupi na yamebanana, boti haijamaliza kushuka moja lingine limeshapiga ubavu. Kiangazi nako, mwezi wa sita mpaka wa nane, unakuja ule upepo wa kusini unaosukuma maji kuja huku Goma, na huku hakuna mchanga wa kukupokea, kuna mawe ya volkano, yenye meno, mtu akitupwa pale anachanika kabla ya kuzama.

Na radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa 2016 ulihesabu mahali penye radi nyingi kuliko pote duniani, wa kwanza akawa ziwa Maracaibo la Venezuela, na wa pili ni huku kwetu mashariki mwa Kongo, wamepaita Kabare, zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Mara nyingi nimewaza juu ya wale wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, pirogi tatu, yani mitumbwi, zimefungwa pamoja na miti mirefu, taa zinawaka, wanaimba usiku kucha, na kitu kirefu kuliko vyote katikati ya maji ni wao.

Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, rais mwenyewe alitangaza watu karibu 150 hawajulikani walipo. Ikaja amri ya gileti kwa kila abiria. Tukavaa, miezi fulani. Halafu barabara ya Sake ikafungwa na vita mwanzo wa 2024, kila kitu kikahamia majini, watu, mihogo, makala, vitanda, mbuzi, na tarehe 3 Oktoba 2024, Alhamisi asubuhi, boti toka Minova ikazama hapa bandari ya Kituku, Goma, karibu na kutia nanga, watu waliokuwa sokoni wanaiangalia. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa na abiria 278. Makumi walikufa. Siku ile mdogo wangu alinipigia mara kumi na moja, mtandao umejaa, mi niko pale Kituku kati ya watu wanaolia, sikusikia simu, na yeye kule ni usiku, anaiangalia ile video ambayo nyote mmeiona, boti inalala ubavu polepole, watu wanamwagika kama maharage toka kwenye sahani. Alifikiri mama yuko ndani.

Watu walisema ni wimbi. Wengine walisema ni uzito. Ni vyote viwili na haviwezi kutenganishwa. Boti iliyojaa kupita kiasi haina tena sehemu kavu ya ubavu, maji yako hapo kwenye ukingo, na watu wakipanda juu ya kifuniko uzito unahamia juu, basi wimbi ambalo jana lingeiyumbisha tu leo linaigeuza, na maji yakiingia kidogo watu wanakimbilia upande mmoja, na kukimbia kwenyewe ndiyo kunamaliza. Hapo hakuna baridi, hakuna kimbunga. Kuna asubuhi ya kawaida.

Nimewaza sana tofauti ya kule na huku ni nini. Watu watasema mashine, satelaiti, boya za kupima mawimbi, ujumbe unaolia kwenye kila simu. Ni kweli. Na mi naomba hayo pia, kwa nini Ziwa Victoria, upande wa Kenya, Uganda na Tanzania, wavuvi wapate utabiri wa upepo na mawimbi kwa ajili yao, ule uliosukumwa na mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na boti ya Kivu iendelee kutegemea macho ya mzee mmoja? Lakini mdogo wangu aliniambia kitu kingine kilichonigusa zaidi. Ile siku ya dhoruba kiwanda chao kilifungwa, na bosi alituma ujumbe jana yake, msije, mtalipwa. Basi. Hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya bahari na sahani ya watoto. Si kila kazi kule iko hivyo, najua, lakini kwake ilikuwa hivyo, na ndiyo maana alikuwa na nafasi ya kwenda kuangalia mawimbi badala ya kuwa ndani yake.

Huku anayeamua ni nani? Mama wa Minova mwenye mihogo inayooza, atasema nini akiona wingu? Atapanda. Ningekuwa yeye ningepanda.

Novemba ile ile ya 2024 tulikuwa na batizo la mtoto wangu, Jumapili, na mama alikuwa atoke Bukavu Ijumaa asubuhi. Mi nimeshamka saa kumi na moja naangalia upande wa kusini kama vile naweza kuona Bukavu. Mama akapiga simu toka bandarini saa mbili. Amekasirika. "Papa," ndivyo anavyoniita mi mwanae, "huyu kapiteni anakataa. Bilete tumelipa, mizigo iko ndani, watu wako ndani, yeye anasema leo boti haitoki." Nyuma yake nasikia watu wanamtukana yule mtu, wanamwita mwoga, mmoja anasema nirudishie pesa yangu nipande ingine, na kweli chombo kingine kiliondoka asubuhi ile na kikafika salama. Hilo lazima niliseme. Kilifika. Mvua ilipiga mchana, upepo ulikuwa mkali, mabati ya jirani yetu yaliruka, na waliokuwa kwenye kile chombo walishuka Goma wamelowa wanatetemeka wanaimba nyimbo za kanisa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na kazi Bukavu, nikamtafuta yule kapiteni nimshukuru. Ni kijana, hajafika miaka 40. Alishangaa, alifikiri nimekuja kudai bilete. Akaniambia patroni wake alimkata pesa ya siku ile, na akamwambia ikirudia atamtafuta mwingine. Nikamuuliza, ikirudia utafanyaje? Akaangalia maji, hakunijibu. Sikumuuliza tena, sikuona haki yangu iko wapi kumuuliza, maana mimi nilipata mama yangu mzima na yeye alipoteza posho ya watoto wake, na mbele ya batizo lile mtu mmoja tu ndiye aliyelipa gharama ya wingu. Kama kuna amri moja ningeomba iandikwe kesho, mbele ya boya na satelaiti, ni hiyo: anayesema leo hatutoki asikatwe hata franga moja, na abiria bilete yake iwe nzima mpaka kesho yake.

Mama alifika Jumamosi saa saba. Ziwa limelala kimya, jua kali, Idjwi inaonekana mpaka miti yake. Nilikuwa pale kwenye ngazi tangu saa nne. Alishuka polepole, kikapu cha ndizi kichwani, ameshika mkono wa mtoto wa mtu mwingine, na gileti ya rangi ya machungwa bado iko juu ya kitenge chake kipya, kamba zote zimefungwa mpaka shingoni. Kijana wa boti akamfuata, mama, tunaomba gileti. Akasema ngoja. Nilimpiga picha kwa ajili ya mdogo wangu, kule kulikuwa bado alfajiri, akajibu palepale, kumbe hakulala. Mama alitembea nayo hivyohivyo, ametoka kwenye ubao, amepita mawe, amepita wauza samaki, na hakuifungua kamba ya kwanza mpaka alipokanyaga barabara.